Makuu ya Mkwezi

Siku yangu ya kwanza kuangua nazi katika hoteli moja ya Diani, niliupiga mnazi mara tatu kwa ubapa wa panga, nikaita kwa sauti, "Hodi! Hodi ya juu jamani, napanda!" Kisha nikangoja.

Mtunza bustani wa pale, kijana wa bara aitwaye Wafula, mtu wa roho nzuri sana, aliacha kumwagilia maua akanitazama.

"Beka," akasema, "sasa hodi unampigia nani? Kwani ndani ya mnazi kuna mtu anaishi?"

Alicheka mpaka mpira wa maji ukamponyoka, ukamlowesha viatu. Mimi nikaona haya. Nikapanda bila kujibiwa na mtu. Na hiyo, wajukuu zangu, ndiyo siku makuu yaliponiingia, ingawa mwenyewe nilidhani ni maendeleo.

Nawaandikia nyinyi mnaokwea leo. Mimi ni Bakari, Beka kwa wanaonijua, mkwezi wa Msambweni. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkiona maandishi yangu yanayumba, nivumilieni. Na mnazi nao huyumba, na bado watu hula nazi zake. Magoti yangu yamestaafu kabla yangu. Daktari aliyashika, akayakunja, yakalia kama mlango wa zamani, akaniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani. Nilipomwambia, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Mzee, sasa tembea chini kama sisi."

Nikamwambia, "Daktari, huko chini mnaona nini?"

Maana kileleni nimeona mengi. Asubuhi ya anga safi nilikuwa nikikaa baina ya makuti mawili mabichi, mkono mmoja umeshika moyo wa mnazi, naitazama bahari hadi inapokutana na mbingu, nikiota kwamba siku moja nitajenga chuo cha wakwezi, chenye ubao na chaki, na mwalimu mkuu ni mimi. Chuo sikukijenga. Haya mnayoyasoma ndiyo chuo chenyewe, basi kaeni vizuri.

Somo la kwanza ni hodi. Nyumba zetu za zamani zilikuwa na ua wa makuti kwa nyuma, na ndani ya ua mna bafu lisilo na paa. Mtu aliye chini haoni kitu. Lakini mkwezi akishafika juu, kwake ua hauna maana: anaona sufuria imeinjikwa, anaona nani anasuka nani nywele, na mtu akiwa anaoga anamwona anaoga. Ndiyo maana mkwezi wa kwetu hapandi kimyakimya. Anaupiga mnazi, anaita hodi, anangoja kila ua unaopakana na mti ujibu, "Haya, panda!" Aliye bafuni ajisitiri, aliye kichwa wazi avute kanga. Ukishajibiwa unapanda, tena uso kwenye shina. Macho yako ni ya vidato unavyokanyaga na makole ya nazi. Yaliyo nyuma ya mgongo wako hayakuhusu.

Haya alinifundisha Mzee Chande. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, nyayo zake ngumu kama gome. Alinifundisha kwamba kuti kavu halishikwi hata kama limekutazama kwa huruma, na kwamba kabla hujaingiza mkono kileleni unatikisa kwanza na kusikiliza, kwa sababu nyigu hawapigi hodi. Alinifundisha kugonga nazi kwa mgongo wa panga na kujua kwa sauti kama imekomaa. Wiki yangu ya kwanza niliangusha kole zima la koroma, si dafu si nazi, mwenye shamba akashika kichwa. Mzee Chande akapasua moja, akakaa akaila yote polepole mbele yake, akasema, "Hii nimekula mimi. Zilizobaki atakula yeye, mpaka ajue ladha ya haraka." Nilizila kwa siku tatu. Tumbo langu halijasahau.

Sasa niwaambie neno lenyewe. Kwetu, ukitaka kumsifu mtu sifa kubwa, husemi ni tajiri wala ni msomi. Unasema, "Fulani hana makuu." Na ukitaka kummaliza, unasema, "Yule ana makuu," basi, hata mkeo hatomwozesha mdogo wake. Vijana siku hizi wanadhani makuu ni kujua kazi na kusema unaijua. Sivyo. Mzee Chande alikuwa akijua kwamba hakuna mkwezi kama yeye kuanzia Msambweni hadi Vanga, na alisema hivyo hivyo. "Mnazi haujanikataa bado," alikuwa akisema, huku amevaa kanzu yake iliyopigwa pasi ikasimama. Hakuna aliyemwita mwenye makuu. Ile ilikuwa fahari, na fahari ya kazi ni halali yako kama jasho lako.

Makuu ni kitu kingine. Makuu ni pale unapoona kwamba watu ndio wakupishe, wewe huna haja ya kuita. Mzee Chande aliita hodi hata kwenye mti alioupanda jana yake. Nilimuuliza mara moja, "Mzee, si wanatujua?" Akanijibu, "Wanatujua, ndiyo. Je, wanajua tunakuja sasa hivi?"

Basi nikaenda hotelini. Kazi ilikuwa kuondoa nazi zisije zikawaangukia wageni kichwani. Pale hapakuwa na ua wala bafu la makuti. Wageni wenyewe walikuwa wamelala wazi mchangani, hata ungeita hodi mwaka mzima asingejisitiri mtu. Nilipopanda walikusanyika. Nikifika kileleni walinipigia makofi. Nikawa nawapungia mkono. Kisha nikawa nawapungia mkono hata wasipopiga makofi. Mgeni mmoja akanizawadia miwani ya jua, nikawa napanda nayo. Hebu fikirini: mtu yuko juu ya mnazi, amevaa miwani nyeusi, hajui koroma na nazi, kote anaona giza.

Nilirudi kwetu siku za mapumziko nikiwa na miwani na kofia ya hoteli, na kila sentensi yangu inaanza na "Sisi wa hotelini." Mzee Chande alinitazama kutoka kofia hadi viatu. "Beka," akasema, "huko Diani mnalishwa nini? Naona umekuwa mrefu kuliko mti."

Nilicheka. Sikuelewa.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Riziki. Riziki alikuwa msichana wa ua wa tatu kutoka kwetu, mshona makuti, mwenye kicheko ambacho ukikisikia unasahau ulichokwenda kununua. Baba yake alikuwa ameshafariki, na nyumba ilikuwa mikononi mwa mama yake, Bi Mwanatumu, mwanamke mpole ambaye mtaa mzima ulimwogopa. Jibu la posa lilikuwa litolewe Ijumaa. Jumatano, jirani yake wa ukuta kwa ukuta akaniomba nimwangulie nazi za shughuli.

Nikauendea mti. Nikaliona panga mkononi mwangu, nikaona ubapa wake, nikakumbuka kicheko cha Wafula. Nikajiambia, mimi si mkwezi wa kijijini tena, na huu mtaa wote unajua Beka yupo. Tena, nitasema kweli, nilitaka Riziki atoke anikute tayari nimeshafika kileleni, anipigie makofi kama wale wageni.

Nikapanda kama ngawa. Nikafika juu, nikageuka, nikanyoosha mkono nipunge.

Chini yangu kabisa, bafuni, Bi Mwanatumu alikuwa amejaa povu la sabuni kichwani, kata ya maji mkononi, anaimba kidogokidogo.

Sitawaeleza zaidi ya hapo, kwa sababu niliyafumba macho kwa nguvu hadi nikaona nyota. Lakini kufumba macho ghafla huku umeshika panga si jambo jema. Panga likaniponyoka, likagonga kuti, likaenda kutua juu ya banda la kuku. Kuku wakapiga kelele. Kuimba kukakatika.

"Nani huyo juu?"

Labda, nilifikiri, atadhani ni kunguru.

"Nauliza, nani huyo juu ya mnazi?"

"Ni mimi, mama. Beka."

"Beka gani?"

Na mimi, wallahi sijui ulimi wangu uliongozwa na nani siku ile, nikajibu, "Beka mkweo."

Maji yakawa yanadondoka tu kutoka kwenye kata.

"Mkwe wangu?" akasema Bi Mwanatumu, polepole. "Nani amekwambia una mkwe hapa? Funga hayo macho. Na usishuke mpaka nikwambie."

Kwetu mkwe ni mtu unayempisha njia, unayeinamisha kichwa akipita. Kumwona mkweo kichwa wazi ni aibu. Niliyoyaona mimi hayana jina. Nikakaa pale juu macho nimefumba, chungu wananipanda mgongoni, nasikia kanga zinakusanyika chini ya mti moja baada ya nyingine.

"Kuna nini?"

"Kuna Beka. Ameletwa na upepo, hakupiga hodi."

"Mwacheni, masikini. Hotelini kwao ndiko wanakolala juu."

"We Beka, hebu tupungie mkono basi! Au mpaka tulipe kiingilio?"

Na katikati ya vicheko vyote nikasikia kicheko cha Riziki. Nikawaza, angalau amecheka. Kisha kikakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu, nikajua kwamba yeye pia ameihesabu Ijumaa.

Jibu lilikuja kabla ya Ijumaa. Mjomba wake Riziki alikwenda kwa Mzee Chande, aliyekuwa amenisimamia posa, akasema kwa heshima zote, "Dada yangu anawashukuru. Anasema kijana ana mikono mizuri. Lakini mwanawe hampi mtu mwenye makuu."

Mzee Chande hakunigombeza. Nilimkuta barazani anasokota kamba. Nikamwambia, "Mzee, nilisahau tu."

"Hukusahau. Aliyesahau hupigwa na mshtuko akikumbuka. Wewe ulikumbuka ukaona si lazima."

Nikalia, nisiwafiche. Nilikuwa kijana mkubwa, mwenye kofia ya hoteli, nikalia. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Kuanzia kesho hupandi. Utakuwa mpiga hodi."

Mpiga hodi ni kazi ya mwanafunzi wa siku ya kwanza. Wakwezi wakiwa wengi shambani, mmoja hubaki chini, anapita ua kwa ua akibisha na kuomba ruhusa, ndipo wenzake wapande. Mimi niliyepigiwa makofi na wageni, nikaanza kuzunguka mtaani miguu chini. "Hodi wenyewe. Asalaam aleikum. Leo tunaangua hapa nyuma, tunaomba mjisitiri." Nikaacha kazi ya hoteli kwa ajili hiyo. Wafula aliniuliza kama nimerogwa.

Wiki za mwanzo zilikuwa chungu. "Karibu mtu wa hotelini! Leo miwani umemwachia nani?" Nikawa najibu, "Nimewaachia kuku wa Bi Mwanatumu, mama." Wakacheka, nami nikacheka, na kidogokidogo kicheko kikawa chetu sote. Nikaanza kujua watu ambao kwa miaka nilikuwa nikiona mapaa yao tu. Nikajua ua upi una mzazi wa siku saba, tusigonge kwa kishindo. Nikajua bibi yupi masikio yamemwishia, huyo haitwi kutoka nje, unamtuma mjukuu akamguse bega. Nikajua mgonjwa yupi anatamani dafu na anaona haya kuomba. Vijana, nimekwea nusu ya maisha yangu, lakini Msambweni niliijulia chini, mlangoni pa watu.

Ua wa Bi Mwanatumu niliuendea kama wengine. Nikipiga hodi, alijibu neno moja, "Pandeni." Hakuongeza salamu. Riziki sikumsikia kabisa.

Msimu ulipokuwa unakwisha, tukaja kwenye ule mti wenyewe. Wakwezi walikuwa wawili pamoja na Mzee Chande. Nikapiga hodi kwa Bi Mwanatumu. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikazunguka upande wa jikoni, nikaita, "Hodi mama, ni wakwezi." Hakuna.

"Hayupo," akasema mkwezi mmoja, jamaa wa Shimoni asiye na subira. "Ameenda sokoni. Tupande, jua linakwenda."

"Hajajibu," nikasema.

"Atajibuje na hayupo?"

"Basi tungoje arudi."

"Beka, una wazimu? Mwenye nazi anatungoja!"

Nikamtazama Mzee Chande aniokoe. Yeye akatandika kanga yake kuukuu kivulini, akalala, akajifunika kofia usoni. Mpiga hodi ni mimi, uamuzi ni wangu. Mwenye nazi akaja, akafoka, akaondoka, akarudi akafoka tena. Jamaa wa Shimoni akapanga kupanda kwa nguvu, nikasimama mbele ya shina nimelikumbatia kama mtu anayeagana na ndugu yake. Adhuhuri ikapita. Kila baada ya muda naenda, napiga hodi, narudi. Nilikuwa nimeshaacha kufikiria posa. Hiyo niliizika zamani. Nilichofikiria ni kwamba huenda yumo anaumwa, au yumo anaswali, au yumo hataki tu kutujibu, na hiyo pia ni haki yake.

Adhana ya alasiri ilipomalizika, mlango wa ua ukafunguka. Bi Mwanatumu akasimama pale, amejitanda kanga vizuri, macho makavu.

"Nilikuwemo," akasema.

Jamaa wa Shimoni akafungua kinywa, Mzee Chande akamfinya.

"Nilikuwemo tangu asubuhi. Nilitaka nijue utangoja mpaka lini."

"Mpaka ujibu, mama," nikasema, nikiangalia chini.

Nyuma yake, ndani ya ua, nikasikia mtu anajizuia kucheka, na kicheko kile nilikijua.

"Haya," akasema Bi Mwanatumu. "Pandeni."

Siku ya pili yake mjomba wa Riziki akaja tena barazani kwa Mzee Chande. Akanywa kahawa vikombe viwili, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya makuti, akakohoa. "Dada yangu anauliza," akasema, "ile posa ilikuwa ya kweli, au ilikuwa ya hotelini?"

Harusi yetu nazi zake niliziangua mwenyewe, mti kwa mti, hodi kwa hodi.

Najua mtaniambia nini. Babu, siku hizi bafu zina mapaa ya mabati. Kweli. Lakini siku hizi pia mnapanda na simu, mnajipiga video kileleni, mnapunga mkono kama nilivyopunga mimi, na nyuma ya bega lako kuna ua wa mtu, mtoto wa mtu, kanga ya mtu imeanikwa, na vyote vinakwenda duniani kabla hujashuka. Kuna mitaa leo kina mama hawataki mkwezi asogee. Mimi nilikaa na aibu yangu mti mmoja, alasiri moja. Yenu inabaki kwenye simu za watu msiowajua. Jipigeni picha, siwakatazi, mnapendeza. Iteni kwanza.

Miti niliyoangua sikuihesabu. Sikuwahi kuanguka, na tangu msimu ule hakuna mwanamke aliyewahi kunikimbia. Hilo nalisema kifua mbele, kama Mzee Chande na kanzu yake, Mungu amrehemu.

Bi Mwanatumu yupo hai, alhamdulillahi. Tunakaa naye katika nyumba yake ile ile, macho hayaoni tena lakini masikio ni ya msichana. Kitanda chake kiko dirishani. Mkwezi akipita nyuma ya nyumba bila kuita, anasema, "Huyo ana makuu," na Riziki anatoka na ufagio. Siku niliyopanda mara ya mwisho, magoti yakilia, nilichagua mnazi ule ule wa jirani, ambao sasa umerefuka hadi shingo inaniuma nikiutazama. Nikaupiga mara tatu kwa ubapa wa panga.

"Hodi! Hodi ya juu!"

Sauti ikatoka dirishani, nyembamba, haina haraka. "Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Beka."

"Beka gani?"

Ameniuliza hivyo kila nilipoupanda mti ule tangu siku ya harusi, na kila mara Riziki hucheka jikoni kama hajawahi kusikia.

"Beka mkweo."

"Haya, mwanangu," akasema. "Panda."

Nikageuza uso wangu kwenye shina, nikapanda.